Kemikali na Mimba Bukavu: Tupime Nini, Tuzuie Nini

Mimba inapoharibika mara ya pili, au mtoto anapozaliwa na kasoro, Bukavu haikosi maelezo. Huyu atataja merkire ya Kamituga, yule samaki sambaza wa ziwani, mwingine moshi wa makala au dawa inayonyunyiziwa mboga. Na yuko atakayesema kwa sauti ya chini kwamba ni karuho, sumu ya mkono wa mtu. Yote yanatiwa katika kapu moja liitwalo sumu, na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Kila kemikali ina njia yake ya kumfikia mama, ina namna yake ya kumfikia mtoto tumboni, na ina kipimo chake. Anayezichanganya hajui aogope nini, na mtafiti anayezichanganya atamaliza fedha za watu bila jibu.

Swali lenyewe ni gumu kuliko linavyosikika mitaani. Katika Kivu Kusini, ambako malaria, njaa na vita vinaua watoto wachanga mbele ya macho ya wote, je, inafaa kutumia nguvu kuchunguza kemikali za mazingira? Na ikiwa inafaa, ianzie wapi?

Njia ambazo sumu hupitia

Tuanze na zebaki, yaani merkire, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kamituga, mji wa dhahabu katika teritori ya Mwenga, uko kama kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu. Wanawake wanaojulikana huko kama mama twangaise hutwanga mawe kwa mikono mpaka yawe unga, na unga huo huoshwa kutafuta dhahabu. Pale zebaki inapotumika, hushikana na chembe za dhahabu kuwa donge, kisha donge huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo ndio hatari ya kwanza. Mapafu hunyonya takriban asilimia 80 ya mvuke wa zebaki unaovutwa, na kondo la nyuma halina uwezo wa kuuzuia. Donge likichomwa jikoni au katika chumba kidogo cha mnunuzi, mjamzito aliyekaa pale hupata sehemu yake hata kama hajawahi kugusa merkire. Lakini machimbo ya Kivu hayafanani: mengine hutumia zebaki, mengine huosha kwa maji tu. Kasiterite (madini ya bati) ya Nyabibwe, kwa mfano, haihitaji zebaki hata kidogo. Kwa hiyo kusema "anaishi machimboni" hakutoshi kuwa kipimo.

Zebaki ya pili ni ile iliyokwisha kuingia mtoni. Bakteria wa matope huigeuza kuwa methilizebaki, nayo hupanda kutoka kwa kiumbe kidogo hadi kwa kikubwa, ikizidi kila samaki mmoja anapomla mwingine. Hii ndiyo inayomdhuru zaidi mtoto tumboni, kwa sababu hukusanyika zaidi katika damu yake kuliko katika damu ya mama. Japani iliona hivyo Minamata, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956: mama waliokula samaki wa ghuba ya huko na kuonekana wazima walijifungua watoto waliodhurika ubongo.

Je, sambaza wa Kivu wamo katika hesabu hiyo? Hapa jiografia inajibu kabla ya maabara. Mito ya Mwenga, Elila na Ulindi, inatiririka kwenda magharibi kuufuata Lualaba, haiji Ziwa Kivu. Na sambaza, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni samaki wadogo wanaokula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, yaani wako chini kabisa katika ngazi ya kulana. Ziwa lina uchafu wake wa mji, hilo halipingiki, lakini kumkataza mjamzito wa Ibanda au Kadutu, mjini Bukavu, kula sambaza kwa sababu ya merkire ya Kamituga ni kumnyang'anya protini ya bei nafuu bila sababu. Mwenye haki ya kuuliza ni mama anayeishi kando ya Elila na kula samaki wakubwa wa mto.

Mjini kwenyewe, zebaki inaweza kuingia kwa mlango ambao watu hawautaji: krimu na sabuni za kujichubua. Zebaki ya aina hii hupenya ngozi, huchosha figo, na hupita katika maziwa ya mama. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, ulitaka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni ifikapo 2020. Mipaka ya Ruzizi haisomi mikataba.

Halafu kuna risasi, inayoweza kutoka katika betri kuukuu, rangi za ukutani na baadhi ya masufuria yanayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Risasi hukaa katika mifupa miaka mingi, na mimba huifumua: mwili wa mama unapochota kalisi ya mifupa kumjenga mtoto, risasi hutoka nayo. Mwanamke anaweza kumpa mtoto risasi aliyoinyonya yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Moshi wa makala na dawa za kunyunyizia mimea tutavirudia. Lakini udongo usisahaulike. Wajawazito wengi wa ukanda huu hula udongo, na jambo hilo huchekwa kuliko linavyochunguzwa. Kaskazini mwa Tanzania, utafiti uliofuata wajawazito zaidi ya 1,000 katika maeneo yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu na yasiyo nao ulikuta kwamba wanaokula udongo walikuwa na aseniki na zebaki zaidi mwilini. Tabia ndogo ya nyumbani ilibeba madini ya machimboni hadi tumboni.

Somo la Idjwi

Wanaodhani swali hili limeletwa na wageni juzi wanasahau Idjwi. Katika miaka ya 1960, watafiti wa taasisi ya IRSAC ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, walikuta kitendawili katika kisiwa hicho. Madini joto yalipungua kisiwa kizima, kaskazini na kusini-magharibi vilevile, lakini rovu ilijaa kaskazini na kuwa nadra kusini-magharibi. Upungufu peke yake haukueleza tofauti hiyo. Madaktari François Delange na André-Marie Ermans wakaelekeza kidole kwenye muhogo: sayanidi iliyobaki ndani yake hugeuzwa na mwili kuwa thiosayaneti, nayo huizuia tezi ya shingo kushika madini joto kidogo yaliyopo.

Kazi hiyo ilihamia Ubangi katika miaka ya 1970, na huko ikagusa mimba moja kwa moja. Ilionekana kwamba thiosayaneti huvuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kwamba tezi za watoto wachanga zilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Wajawazito waliodungwa mafuta yenye madini joto walijifungua watoto wenye tezi bora zaidi.

Mambo mawili katika kisa hiki yanafaa kuwekwa pembeni kwa matumizi ya baadaye. La kwanza, jibu lilipatikana kwa kulinganisha sehemu mbili zinazofanana kwa karibu kila kitu isipokuwa kimoja. La pili, dawa haikuwa kuwakataza watu muhogo, jambo lisilowezekana. Kiungo dhaifu kilikuwa madini joto, na chumvi ya dukani ndiyo iliyobeba ulinzi. Hata hivyo sayanidi ya muhogo haijaondoka: konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo usiolowekwa vya kutosha, umeripotiwa Burhinyi, katika Mwenga hiyohiyo, na vita vimetajwa kuwa sababu mojawapo. Familia inayokimbia haina siku tatu za kuloweka.

Wanaosema tupime kwanza

Msimamo wa kwanza ni wa vyuo na maabara. Bila vipimo, wanasema, kila mtu atabaki na kisa chake. Mfano wao mkubwa uko Lubumbashi. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa huko wakishirikiana na chuo kikuu cha Leuven cha Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na watoto 108 wasio nazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baba kufanya kazi ya migodini kulihusiana na ongezeko la hatari ya kasoro la mara 5.5.

Nguvu ya utafiti huo ni kwamba ulitoka Kongo yenyewe, na ulimtazama baba, ambaye mijadala ya mimba humsahau. Udhaifu wake unaonekana katika takwimu ileile: makadirio yalianzia 1.2 hadi 25. Yaani hatari inaweza kuwa kubwa mno au ndogo sana, na watoto 246 hawatoshi kuamua. Kasoro kubwa za kuzaliwa, popote duniani, hutokea katika takriban mimba 3 kati ya 100, kwa hiyo uchunguzi wenye uzito unahitaji maelfu ya mimba. Tena kobalti na shaba za Katanga hazifanani na dhahabu ya Kivu. Kunukuu Lubumbashi kana kwamba ni Kamituga ni kosa ambalo hata wasomi wamelizoea.

Upimaji una mitego mingine. Mvuke wa zebaki huonekana katika mkojo, methilizebaki huonekana katika nywele. Ukipima nywele za mama twangaise na kukuta kidogo, hujathibitisha kwamba hakuvuta mvuke. Na hata kipimo sahihi hakimalizi ubishi. Visiwa vya Faroe na Ushelisheli vyote vilifuata watoto wa mama wanaokula samaki, tangu miaka ya 1980. Faroe, ambako watu hula pia nyama ya nyangumi, ilikuta watoto waliopata zebaki zaidi tumboni wakiwa nyuma katika lugha, umakini na kumbukumbu. Ushelisheli, ikianza na watoto 779, haikuona madhara ya wazi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba samaki huleta pamoja na zebaki mafuta yanayojenga ubongo, na faida ikafunika hasara. Kwa Kivu hilo ni onyo zito: ukiwatisha watu na samaki, unaweza kumdhuru mtoto uliyetaka kumwokoa.

Wanaosema tuzuie bila kusubiri

Msimamo wa pili unatoka kwa watetezi wa afya na mazingira. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: madhara ya zebaki na risasi kwa mtoto tumboni yamekwisha kuthibitishwa kwingine, na ubongo wa mtoto wa Mwenga hautofautiani na wa mtoto wa Minamata. Kungoja utafiti wa hapa ni kugeuza kizazi kizima kuwa majaribio.

Mfano wao bora uko Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014 katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa na risasi mwilini. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, lakini Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hakuna aliyewataka wakazi hao wafuate maelfu ya mimba kwanza. Chanzo kilijulikana, njia ilijulikana, damu ilipimwa, ikatosha.

Udhaifu wa msimamo huu hujitokeza pale chanzo kisipokuwa kiwanda kimoja chenye mwenyewe. Piga marufuku zebaki Kamituga kwa tangazo, na donge litachomwa ndani zaidi, usiku, milango ikiwa imefungwa. Mvuke utaongezeka chumbani. Mwondoe mama twangaise machimboni bila kumpa kazi nyingine, na mtoto wake atapata njaa badala ya vumbi. Serikali ya jimbo iliwahi kusimamisha uchimbaji Kivu Kusini nzima, Julai 2024, na hatua ya namna hiyo hupiga kwanza wenye kipato cha siku.

Tena si kila hatua inayoonekana ya akili huzaa matunda. Jirani tu, Kayonza nchini Rwanda, palikuwa mojawapo ya vituo vya jaribio kubwa la HAPIN, lililohusisha wajawazito 3,200 katika Rwanda, Guatemala, India na Peru. Nusu walipewa majiko ya gesi. Vumbi laini walilovuta lilikuwa takriban mikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, dhidi ya 71 kwa wasiopewa, jambo kubwa. Lakini uzito wa watoto ulitofautiana kwa gramu 20 tu, tofauti isiyoweza kutegemewa, kama matokeo ya 2022 yalivyoonyesha. Nimonia kali kwa watoto wachanga nayo haikupungua kama ilivyotarajiwa. Moshi bado unadhuru mapafu na moyo wa mama, na monoksidi ya kaboni ya makala katika chumba kilichofungwa inaua. Ila anayemwahidi mama wa Bagira, Bukavu, kwamba jiko la gesi litampa mtoto mzito zaidi anaahidi kitu ambacho jaribio bora kabisa halikukipata.

Wanaosema malaria kwanza

Msimamo wa tatu husikika wodini zaidi kuliko mikutanoni. Daktari mwenye mjamzito wa malaria na upungufu wa damu hana muda wa kuuliza kuhusu krimu. Hoja hii hudharauliwa na wanamazingira, na si haki. Majaribio ya Afrika yalionyesha kwamba chandarua chenye dawa hupunguza watoto wa uzito mdogo kwa karibu asilimia 23, na kuharibika kwa mimba kwa karibu theluthi, kwa wanawake wa mimba nne za mwanzo. Hakuna kinga yoyote dhidi ya kemikali inayoweza kuonyesha faida kama hiyo kwa bei hiyo.

Lakini chandarua chenyewe ni kemikali. Dawa yake ni pirethroidi, na utafiti wa Limpopo, Afrika Kusini, uliofuata mama 752 waliojifungua 2012 na 2013 katika eneo ambako nyumba hunyunyiziwa dawa dhidi ya mbu, ulihusisha pirethroidi nyingi katika mkojo wa mama na alama za chini za maendeleo ya kijamii na kihisia kwa watoto wa mwaka mmoja. Kunyunyizia ukuta si sawa na kulala ndani ya neti, na malaria ya mimba ni hatari kubwa kuliko hiyo. Uzani hapa hauna utata: mjamzito alale ndani ya neti. Kinachofaa kutazamwa ni zile pirethroidi nyingine, za makopo ya kupuliza na za mashambani, zinazoongezwa juu bila kinga yoyote ya ziada.

Udhaifu wa msimamo wa tatu ni kudhani kwamba magonjwa na kemikali vinapanga foleni. Havipangi. Mama mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya risasi zaidi. Mwenye upungufu wa kalisi huitoa risasi hiyo zaidi mifupani. Mwenye upungufu wa madini joto, kama Idjwi ilivyoonyesha, hudhurika na kile ambacho mwingine angekivumilia. Vidonge vya chuma vinavyotolewa CPN, yaani kliniki ya wajawazito, ni sehemu ya ulinzi dhidi ya sumu, ingawa hakuna anayeviita hivyo.

Uzani

Katika misimamo hii mitatu, wa kwanza unazidisha thamani ya uhakika, wa pili unapunguza gharama ya marufuku, wa tatu unakosea mipaka ya ugonjwa. Hata hivyo haupo usio na sehemu ya ukweli, na Bukavu haina fedha za kuifuata yote mitatu kwa ukamilifu.

Utafiti mkubwa wa maelfu ya mimba kwa sasa ni ndoto. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na uwanja wa ndege wa Kavumu, kusafirisha damu kwenda maabara za nje ni safari ya mashaka, na mapigano yamefika Walungu na Mwenga, njia yenyewe ya Kamituga. Mama aliyehojiwa mwezi wa nne wa mimba anaweza kujifungulia kambini. Lakini isisemwe kwamba jimbo hili haliwezi kufuatilia watu kwa muda mrefu. Watoto waliotibiwa utapiamlo Lwiro kati ya 1988 na 2007 walitafutwa tena wakiwa watu wazima, zaidi ya miaka kumi baadaye, baada ya vita viwili. Kilichowezesha ni daftari la wodi lililotunzwa.

Kwa hiyo utafiti unaofaa ni mdogo wenye ulinganisho mkali, kwa mtindo wa Idjwi: wodi za uzazi za Kamituga kando ya wodi za mji usio na dhahabu, nywele na mkojo vikipimwa pamoja, damu ya kitovu ikikaushwa kwenye karatasi. Matone ya damu yaliyokaushwa yametumika kaskazini mwa Tanzania, na hayahitaji barafu wala ndege ya haraka. Vyuo kama Université Catholique de Bukavu na Université Evangélique en Afrique, pamoja na hospitali ya Panzi, vina watu wa kuifanya. Sharti moja lisivunjwe: anayechukua nywele za mama amrudishie jibu lake, na ushauri wa kufuata. Katika mji unaoamini karuho, damu inayoondoka bila kurudi na habari huzaa uvumi mpya, na uvumi huo utafunga mlango kwa mtafiti anayefuata.

Yapo yasiyohitaji kungoja utafiti wowote. Donge la dhahabu lisichomwe ndani ya nyumba wanamoishi mjamzito na watoto. Vyombo vya kunasa mvuke vipo na zebaki yake hutumika tena, hoja ambayo mchimbaji huielewa haraka kuliko hotuba ya afya. Krimu zenye zebaki zikamatwe mpakani na sokoni. Betri zisiyeyushwe kwenye makazi. Muhogo mchungu ulowekwe siku zake zote, na chumvi iwe yenye madini joto. Sambaza waachwe walivyo.

Na CPN iongeze maswali manne katika kadi ya mama: mume anafanya kazi gani, dhahabu huchomwa wapi, unapaka nini mwilini, unakula udongo? Muuguzi atayauliza kwa dakika mbili, bila maabara wala mfadhili. Majibu ya mwaka mmoja katika zahanati chache za Kamituga na Kadutu yatamwonyesha mtafiti mahali pa kupima, jambo ambalo uvumi wa mitaani hauwezi kulifanya. Wakuu wa afya wa jimbo na wa zone de santé, yaani kanda za afya, wanaweza kuagiza hilo kwa barua moja.